Mota Iliyovishwa Kitambaa

Mimi ni Munira, fundi umeme wa Old Korogwe, na mtu akikwambia nina mdomo, mwamini. Sikufichi. Hasira zangu ziko karibu. Nikiwa juu ya ngazi halafu mtu akaniuliza kutoka chini, "Hivi dada, unaweza kweli?" nashuka, nakusanya bisibisi zangu, naondoka, taa akawashe mwenyewe. Kwa hiyo nikisema kuna mtu niliyemfokea na hadi leo nikikumbuka naona haya, ujue sitanii. Mtu mwenyewe ni Bi Mashavu, na nilimfokea mbele ya mwanawe, siku ambayo kuliko siku zote alihitaji kuonekana mtu mzima mwenye akili zake.

Bi Mashavu ana miaka sitini na saba. Kwao ni Kwedizinga, lakini hapa Old Korogwe ndiko alikoolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Muhsin. Mtoto huyo alimlea kwa trekta. Ndiyo, trekta! Miaka ishirini na moja alivuta matela ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani, wakati wanawake wenzake wakianika singa, nyuzi za mkonge, juani. Wanaume walimcheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili trekta la mmoja wao likazama kwenye tope, akalitoa yeye, na vicheko vikaisha. Mpaka leo akishuka hata kitandani hutanguliza mguu wa kushoto kama anashuka kwenye trekta, ameniambia mwenyewe.

Muhsin alipopata kazi Dar, mishahara yake ya mwanzo aliikusanya akamnunulia mama yake pikapu nyeupe yenye viti vya nyuma. Kadi ya gari ina jina la Muhsin, lakini gari ni la mama, hakuna asiyejua mtaani. Na kila Alhamisi, inyeshe isinyeshe, pikapu hiyo inakwenda Kwedizinga kwa Maryamu.

Maryamu ni dada yake wa tumbo moja. Kiharusi kilimchukua miguu miaka sita iliyopita. Anaishi na mkwewe, mwanamke mwema sana, ila kutwa yuko shambani, na huwezi kumlaumu. Basi Alhamisi Bi Mashavu akifika humwogesha dada yake, humsuka, humpaka mafuta, halafu yeye na yule mkwe humpandisha Maryamu kiti cha mbele na safari inaanza. Wanakwenda kuona mahindi yamefika wapi. Wanakwenda kwa aliyejifungua na kwa aliyefiwa. Wanakwenda sokoni, Maryamu anachagua machungwa akiwa ndani ya gari na kugombana na wauzaji kupitia dirishani. Siku nyingine sita amekaa mlangoni kwake anaangalia ua uleule.

Sasa mlango. Banda la gari la Bi Mashavu lina mlango wa bati wa kukunja juu, ule tunaouita shata. Nyumba yake haiko mbali na mto, na wewe unayekaa sehemu kavu hujui maana yake. Asubuhi ukungu unaingia mpaka kabatini. Mchana jua likiwaka, ule unyevu wote unageuka fukuto, bati linachemka, na kila chenye chuma kinaanza kuota kutu. Springi za lile shata zilikuwa zimekwisha. Mwezi wa nne mwaka jana, mvua zimekolea, Bi Mashavu aliushika mlango aupandishe kama kawaida, ukanasa, akauvuta kwa nguvu za trekta, na bega la kulia likalia "ka!"

Daktari alimwambia kitu kimoja tu cha kukumbuka: mkono ule hautapanda tena juu ya kifua. Usukani ataushika, gia atabadilisha, lakini kunyanyua kitu juu ya kichwa, basi.

Muhsin akaja akamchukua, akamtibu Dar miezi miwili. Alipomrudisha, alikuwa ameichukua kadi ya gari. Akamwambia, "Mama, mtu asiyeweza kufungua mlango wa banda lake hawezi kuwa barabarani. Mwezi wa pili mwakani nikija nitakuja na jina la mnunuzi. Wewe uje ukae kwangu, upumzike." Alisema kwa upole. Muhsin si mtoto mbaya, na ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu. Mtoto mbaya ungemtukana ukamaliza.

Kuna waliosema, si aliache gari nje? Aliliacha. Wiki haikuisha, betri ikaibwa. Si aombe jirani amfungulie? Aliomba. Adamu, jirani yake, alimfungulia kwa moyo mweupe, lakini Adamu ana shamba Magoma, na akienda huko analala siku tatu nne. Alhamisi mbili Bi Mashavu alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa, amevaa, ameshika funguo, na huku Kwedizinga Maryamu naye amevaa anasubiri. Ya pili ndiyo iliyomleta kwangu.

"Munira," akaniambia, "nataka mlango unaofunguka kwa kidole. Muhsin akija nitaufungua mbele ya macho yake, nitoe gari. Asipoona kwa macho hataamini."

"Mama, tuweke milango miwili ya mbao, ya kusukuma tu. Rahisi."

"Ifungukie wapi? Nje ni njia ya watu, hatua mbili uko kwenye njia. Nimgonge mama wa watu na ndoo yake ya maji? Ndani gari limejaa. Nataka mota."

Kusema kweli sikuwahi kufunga mota ya shata. Nilikuwa nimeziona tu. Ila mimi na kukubali kwamba kitu sikijui, jamani, hatupatani. Nikasema sawa.

Tukaenda kwanza duka moja hapa mjini. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, akaniangalia mimi muda wote kama vile Bi Mashavu ni mzigo nilioubeba. Akatuwekea mota mbili mezani. Ya kwanza nyembamba, ndefu, ya kuingia ndani ya bomba la shata, haionekani kabisa. Inafunguliwa kwa rimoti na kwa simu. Inang'aa. Ya pili nene, nyeusi, mbaya, inakaa pembeni ya mlango kama kiroba, na ina mnyororo mrefu unaoning'inia.

"Mama yako achukue hii ya simu," akaniambia. "Wazee wengi wa Dar wanaipenda."

Bi Mashavu akamwuliza, "Mwanangu, ikichemka inafanyaje?"

"Haichemki, bibi."

"Ebo! Mashine isiyochemka sijawahi kuiona. Nimekuuliza ikichemka inafanyaje."

Kijana akacheka. Damu yangu ikapanda palepale, lakini Bi Mashavu akanishika mkono, akaaga vizuri, tukatoka. Nje akaniambia, "Huyu anauza, hajawahi kufungua. Tutafute aliyefungua."

Ndipo tukaenda Handeni. Adamu alikuwepo, akatutolea gari, na Bi Mashavu akaendesha mwenyewe, mkono wa kulia ukiwa chini ya usukani, wa kushoto juu. Nilikuwa na wasiwasi kilomita tano za mwanzo. Baada ya hapo nikalala. Siwezi kukupa ushahidi mwingine wa udereva wake zaidi ya huo, kwa sababu mimi ndani ya gari la mtu silali.

Handeni kuna Mmaasai anaitwa Lekakeny, anaangalia ghala la dawa za mifugo lenye shata kubwa la mota. Ni mtu wa maneno machache. Alipojua kuwa Bi Mashavu alikuwa dereva wa trekta, akamletea kiti yeye, mimi nikasimama.

"Hii ni mota ya tatu," Lekakeny akasema. "Ya kwanza aliiua mjusi. Aliingia kwenye kisanduku cha umeme kutafuta joto, akagusa asipopaswa kugusa. Akafa yeye, ikafa mota. Ya pili ilikuwa ya ndani ya bomba. Bati la hapa mchana huwezi kuliwekea mkono. Ilichemka humo ndani, ikazima mlango ukiwa chini, na haina pa kuushika. Dawa za watu zilikaa ndani siku mbili."

"Na hii?" Bi Mashavu akauliza.

"Hii ikichoka inajizima. Inapumzika nusu saa, inaamka. Na kama umeme umekatika, au imezima na una haraka, kuna mnyororo." Akauvuta. Mlango ule mkubwa ukapanda taratibu. "Ila mama, usichukue maneno yangu yote. Sisi hapa adui yetu ni vumbi. Nyinyi kule mtoni adui yenu ni maji yanayoelea hewani."

Bi Mashavu akasimama, akaushika ule mnyororo kwa mkono wa kushoto, akaupima kidogo, akauachia. Njiani kurudi ndipo akasema, "Nimeipenda ile mbaya. Ikichoka inasema imechoka, inakaa, halafu inaendelea. Sitaki mashine inayojifanya haichoki."

Tukanunua ile nene nyeusi, si kwa yule kijana.

Kazi niliifanya kwa siku tatu, na niseme bila haya kwamba niliifanya vizuri. Kwanza nilibadilisha springi, maana mota si ya kubeba mlango mbovu. Mlango uwe mwepesi kwanza, mota ifuate. Boliti nikaweka za chuma kisichoshika kutu. Kisanduku cha umeme nikakiweka chini, usawa wa bega, mbali na joto la bati. Nyaya nikaziingiza kutokea chini, nikazipinda kidogo kabla ya kuingia ili tone la maji lidondoke pale lisifuate waya ndani. Kila upenyo ambao mjusi angeweza kupita nikauziba. Halafu nikatoboa tundu dogo moja chini ya kisanduku.

Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ananiangalia siku zote tatu. Akauliza, "Munira, mbona umeziba kote halafu unatoboa tena? Tundu hilo la nini?"

Nilikuwa na jasho mpaka kwenye macho. Nikamjibu, "Mama, niachie kazi yangu."

Ndivyo nilivyosema. Angalia sasa. Neno moja tu ningemwambia, kwamba kifaa cha umeme mahali penye unyevu kinataka kupumua, kwamba ukikifunga gubigubi kinatoa jasho ndani na kuchemka, angenielewa kabla sijamaliza. Mtu aliyekaa na injini miaka ishirini na moja! Lakini mimi nilitaka kuonekana najua. Akaendelea kufuma kitambaa chake.

Mota ikafanya kazi. Alipobonyeza rimoti mara ya kwanza na mlango ukapanda wenyewe, alipiga kigelegele mpaka Adamu akatoka nje na taulo. Alhamisi tatu mfululizo akaenda Kwedizinga bila kuomba mtu. Mimi nikatangaza mji mzima kwamba nafunga mota za milango.

Muhsin akaja Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Joto la siku ile sina la kulifananisha nalo. Kuku walikuwa wamelala chini ya magari midomo wazi. Bi Mashavu aliniita nije, nivae vizuri, maana mimi ndiye fundi. Nikavaa gauni.

Muhsin ni mtu mrefu, anaongea taratibu kama mwalimu. Alimsalimia mama yake kwa kumbusu mkono, akaniambia, "Dada Munira, nimesikia sifa zako." Baada ya chakula, kama saa saba mchana, tukaenda bandani. Bi Mashavu akaingia ndani kupitia mlango mdogo wa nyuma, akasimama pembeni ya pikapu, akabonyeza. Shata likapanda. Muhsin akatabasamu. Majirani wakapiga makofi.

"Tena, mama, nione," Muhsin akasema.

Likashuka, likapanda. Mama yake Adamu akaja kuona, ikabidi aonyeshwe naye. Akaja mwingine. Bi Mashavu alikuwa na furaha ya mtoto aliyevaa nguo mpya sikukuu. Akabonyeza juu, chini, juu, chini. Mimi nilikuwa nje nasifiwa, sikuhesabu. Mara ya saba au ya nane mlango ukapanda hadi usawa wa kiuno, ukanguruma, ukanyamaza.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena akiwa ameielekeza rimoti kwa mkono ulionyooka. Kimya.

Muhsin hakucheka wala hakukasirika. Aliinama akamwona mama yake kupitia chini ya bati, akasema polepole, "Mama, unaona sasa." Akatoa simu mfukoni. Mnunuzi alikuwa anasubiri jibu lake siku hiyohiyo.

Nikapita chini ya ule mlango na gauni langu, nikapanda ngazi, na nilichokiona juu kule, loh! Mota ilikuwa imevaa. Imevaa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya waridi pembeni, kimeshonwa sawasawa na umbo lake, kimefungwa utepe kwa nyuma. Kama vile tunavyofunika redio, kama tunavyofunika televisheni na viti vya sebuleni. Nikakifungua. Chini yake kulikuwa na nailoni nene, ile inayokuja na makochi mapya ambayo nusu ya watu hapa hawaitoi mpaka kochi linazeeka. Imezungushwa mara mbili na kubanwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya nailoni matone ya maji yalikuwa yamejipanga, na mota ilikuwa ya moto hata sikuweza kuigusa. Nikaangalia chini kwenye kisanduku. Nacho kimevaa nailoni na kitambaa, na kwenye lile tundu langu kumebandikwa plasta ya kidonda.

Basi nikalipuka. "Mama, wewe una akili kweli? Nani amekutuma uvishe mota nguo? Umeipika! Umeipika kama kiazi! Kazi yangu yote, jina langu lote, unaliharibu kwa vitambaa!"

Nilisema hivyo. Kwa mwanamke aliyenipita miaka karibu thelathini, mbele ya mwanawe, mbele ya majirani.

Bi Mashavu hakunyanyua sauti. "Niliogopa ukungu wa mto," akasema. "Nilipanda ngazi mpaka mota ikawa usawa wa kifua changu, nikaifunga. Nilitaka idumu. Tundu lile nilikuuliza la nini, Munira. Hukunijibu."

Nilitamani ngazi inimeze. Nikashuka.

"Itachukua muda gani?" Muhsin akaniuliza.

"Nusu saa ipoe. Haijafa. Imejizima tu."

"Na kama angekuwa na mgonjwa ndani ya gari?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu ambaye ameshajiuliza hivyo usiku mwingi. Akaanza kutafuta jina kwenye simu.

Bi Mashavu akaweka rimoti juu ya boneti. Akazunguka gari, akaenda pembeni kulikokuwa na ule mnyororo. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, usawa wa kifua, akauvuta hadi kiunoni. Mlango ukapanda kidogo, kama vidole viwili. Akaachia, akakamata tena. Akavuta.

Muhsin akaweka simu chini, akapita chini ya bati, akanyoosha mkono. "Mama, lete nivute."

"Kaa hapo."

"Mama, utaumia."

"Muhsin. Ukiushika mnyororo huu, gari umeshaliuza. Niache."

Akamwacha. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kwa mama yake, nilimwona. Mikono aliikunja, akaikunjua, akaiweka kichwani. Bi Mashavu alivuta. Jasho lilimtiririka, ushungi ukamwangukia shingoni, hakuuokota. Alivuta kama mtu anayepanda mlima anaoujua: hakimbii, hasimami. Mara moja tu alipumzika, akapangusa kiganja kwenye khanga, akaendelea. Majirani waliopiga makofi mwanzo walisogea karibu. Mlango ulipofika juu kabisa na kugonga, hakuna aliyepiga kigelegele. Tulishindwa.

Muhsin alikuwa ameiokota ile nailoni sakafuni. Maji yalimdondokea kwenye viatu. "Mama," akasema, na sauti ya ualimu ikamtoka, ikabaki ya mtoto, "mimi naogopa. Simu ikiita kutoka huku, kabla sijapokea nadhani wananiambia umepinduka. Kila Alhamisi kazini sifanyi kitu. Naogopa tu."

"Najua, baba," Bi Mashavu akamjibu, bado anahema. "Na mimi niliiogopea mota, ndiyo nikaifunga vile. Si umeona ilivyopata?"

Mama yake akafungua mlango wa gari, akaingia, mguu wa kulia ukiwa wa mwisho kuacha ardhi. "Pandeni. Na wewe fundi panda, kama una hasira zilizobaki, zimalizie njiani."

Nikapanda nyuma, nimenywea kama mbwa aliyemwagiwa maji. Hatukuuliza tunakwenda wapi. Barabara ya Kwedizinga gari lile karibu linaijua lenyewe. Muhsin mwanzoni alishika mpini wa dirishani kwa mikono miwili. Tulipomaliza lami na kuingia vumbini alikuwa ameuachia.

Maryamu alikuwa amekaa mlangoni kwake kama siku zote. Alipoona pikapu, akaanza kupiga kelele tangu mbali, "Jumamosi! Mashavu, leo Jumamosi! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuletea mgeni."

Muhsin alikuwa hajafika Kwedizinga miaka minne. Alishuka, akapiga goti mbele ya kiti cha Maryamu. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Alimshika mkono, akamwangalia sana, hakumwachia. "Umenenepa. Nimesikia unauza miguu yangu. Umepata bei nzuri?"

Maryamu hakuwa anamsuta. Alikuwa anauliza kabisa, kama mtu anayetaka kujua mambo yake yamefikia wapi. Nikaangalia pembeni, maana uso wa Muhsin wakati ule haukuwa wa kuangaliwa. Bi Mashavu alikuwa bado yuko kwenye usukani, injini inawaka.

Muhsin akainuka. Akamwinamia mama yake mkubwa, akamnyanyua yeye mwenyewe kutoka kwenye kiti, akamweka kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akamrekebishia khanga miguuni. Yeye akaja kukaa nyuma na mimi.

"Mama mkubwa, unataka kwenda wapi?" akauliza.

"Twende kwanza tukaone mahindi," Maryamu akasema. "Halafu nitawaambia."

Jumapili Bi Mashavu akampeleka mwanawe stendi ya Korogwe. Mota ilifungua bila shida yoyote, uchi kama ilivyozaliwa. Aliporudi, vumbi la jana lilikuwa bado kwenye kioo cha mbele, akafungua kidroo cha gari atafute kitambaa cha kufutia. Akakuta kile cheupe chenye maua ya waridi, kimekunjwa vizuri. Akakivuta. Ndani yake ilikuwamo kadi ya gari.

Mimi nilikuwa nimekaa kwangu natafuta njia ya kwenda kumwomba radhi, na kila sentensi niliyoipanga ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Simu ikaita. Ni yeye. Alianza kuongea, akashindwa, nikasikia analia, akacheka, akaongea tena.

"Kadi imerudi, Munira."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Lile tundu ni la kupumulia. Ningekwambia siku ile."

"Sasa nimejua," akasema. "Alhamisi uwe tayari saa moja. Maryamu anakutaka. Anasema anataka kumwona vizuri fundi anayefokea wazee."